Mzee wa miaka 71, watoto wawili, siku nne Bukavu: tuone nini upande wa Kahuzi?

Mama wa Himbi, Goma

Jambo wote. Likizo kubwa inakaribia na nimeamua safari hii tusibaki nyumbani. Papa yangu ana miaka 71. Kabla ya kuhamia Goma alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye mashamba ya chai ya Mbayo, juu ya Miti, na hadi leo anawasimulia wajukuu baridi ya kule na mlima Kahuzi unavyojifunika ukungu. Goti la kulia linamsumbua, anatembea na fimbo. Watoto wana miaka 9 na 13, na wao wimbo ni mmoja tu: gorila. Mimi nataka hasa wamwone babu yao mahali alipokuwa kijana. Tuna siku nne, tutakuja kwa boti kupitia Ziwa Kivu. Nianzie wapi?

Mwalimu wa jiografia, Ibanda

Mama, karibuni Bukavu. Nimepeleka wanafunzi upande huo karibu kila mwaka, kwa hiyo unisamehe nikisema marefu.

Kwanza lile la kuuma, uwaambie watoto wakiwa bado Goma: gorila hawatawaona. Umri unaoruhusiwa unaanzia miaka 15. Gorila huambukizwa magonjwa yetu ya kifua kwa urahisi, ndiyo maana hata mtu mzima mwenye kikohozi haruhusiwi kuwakaribia, na anayeruhusiwa hukaa nao saa moja tu. Msijaribu kuongeza miaka ya yule wa 13. Hawa gorila wa nyanda za mashariki hawapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kongo hii yetu. Tukiwaua kwa mafua, hakuna pa kwenda kutafuta wengine.

Lakini msiache kupanda hadi Tshivanga, kwenye kituo cha Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Gari linafika mpaka mlangoni, kwa hiyo goti la mzee halina shida. Kuna mafuvu ya gorila na ya tembo, na hapo watoto wangu wa shule hunyamaza wenyewe. Tembo wa sehemu hii ya mlimani waliangamizwa miaka ya 1990, wakati wa vita. Muombe kiongozi aeleze jinsi hifadhi ilivyoanzishwa mwaka 1970 na kuingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Na asipotaja Batwa, muulizeni ninyi. Walikuwa wakiishi ndani ya msitu huo wakatolewa bila kupewa ardhi nyingine, na watoto wetu wasikue wakidhani msitu ulikuwa mtupu.

Mbayo mtaipita njiani, kati ya Miti na Tshivanga. Simameni hapo mkiwa mnapanda, asubuhi, kabla ukungu haujashuka. Mpe mzee muda wake, msimharakishe.

Kilele cha Kahuzi, mita 3,308, ni cha safari nyingine, wewe na wadogo zako. Mara ya mwisho tulianza kupanda saa moja na nusu asubuhi, tukapita ndani ya mianzi iliyofungana hadi mchana ukawa kama jioni, halafu ghafla mianzi ikaisha, yakabaki majani mafupi ya baridi na upepo. Tulifika juu karibu saa sita. Ziwa lote lilikuwa chini yetu. Nilikuwa nimeufundisha mlima ule miaka mingi ubaoni, na siku ile nilikaa kwenye jiwe bila neno la kuwaambia wanafunzi.

Siku hiyohiyo ya Tshivanga, mkishuka mnaweza kupitia Lwiro. Kituo cha utafiti kilianzishwa huko mwaka 1947, majengo ni ya kupendeza na maktaba ni ya ajabu. Watoto watafurahia zaidi masokwe yatima (sokwe mtu, si gorila) walionyang'anywa wawindaji na wauzaji, wanalelewa hapo tangu 2002. Mtoto wa miaka 9 anaruhusiwa. Toa taarifa mapema.

Na mkiwa mjini, wapeleke watoto waone Ruzizi inapotoka ziwani. Zamani maji ya huku yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa, likapata tundu upande wetu likamwagikia Tanganyika. Ni milima yenu ya Goma iliyotupa sisi mto huu.

Mtoto wa Kavumu

Mwalimu amesema vizuri ila pale kwa Lwiro namkatalia kwa heshima. Tshivanga na Lwiro siku moja na mzee wa fimbo, hapana. Mnashuka hadi Miti, mnapita Kavumu kwetu, halafu mnaacha lami mnaingia barabara ya udongo. Mvua ikinyesha goti litalia kuliko watoto. Gawa siku mbili.

La pili: siku moja kabla ya kupanda, piga simu hifadhi uulize hali ya njia. Siku nyingine nilifika na wageni, walinzi wakasema leo haipandwi. Hatukubishana, tuligeuza gari. Wao ndio wanaolala huko.

Sweta kwa kila mtu, hata kama Bukavu kuna jua. Mudaka nunueni avoka mkirudi.

Msafiri wa Kituku

Mama, chukueni boti ya haraka ya asubuhi, mchana upepo huinuka. Idjwi itakuwa kushoto, milima ya Kalehe kulia. Mzee akae kulia.

Mwalimu wa jiografia, Ibanda

Mtoto wa Kavumu ana haki, mimi huwa na vijana wa miaka 17. Siku mbili.

Mama wa Himbi, Goma

Tumerudi juzi, nimeona niwaletee habari. Papa alikaa kulia, hakusinzia hata kidogo. Mbayo alishuka bila fimbo, tukamkimbilia nayo. Akawaonyesha watoto namna ya kuchuma: majani mawili na kichipukizi katikati, kidole gumba hakikwaruzi. Mkono wake ulikuwa bado unajua. Ukungu ulikuwa umekwisha kushuka, Kahuzi hatukuiona, lakini alinyoosha fimbo mahali ilipo na wote tukatazama huko.

Lwiro mdogo hakutaka kuondoka. Jioni ya mwisho tulikula bugali na sambaza, wale samaki wadogo, karibu na ziwa, na wakubwa wakapiga hesabu: kufika umri wa gorila mmoja amebakiza miaka miwili, mwingine sita. Papa amesema atamsubiri huyo wa sita.