Mafunjo yangu yamekuwa membamba kama kalamu, nifanye nini?

Mama wa Mikeka, Bukavu
Jambo ndugu zangu. Mimi nashona majamvi ya mafunjo na kuyauza soko la Kadutu. Mabua nayakata kwenye kibwawa alichotuachia marehemu mama mkwe upande wa Kabare, hatua thelathini kwa ishirini hivi. Zamani bua moja lilikuwa nene kuliko kidole gumba changu, na urefu lilinipita mara mbili. Ukilishika unasikia pembe zake tatu mkononi. Ukilipasua, moyo wake mweupe umejaa maji.

Mwaka jana karo ya watoto ilinibana. Nikakata yote mwezi wa pili, nikarudi mwezi wa sita, na tena mwezi wa kumi. Sasa yanayoota ni membamba, nikiyakunja yanakatika. Tena jirani amechimba mfereji ili apande kabeji, maji yameshuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Niweke mbolea? Au ning'oe nipande upya? Kibwawa hiki kimesomesha watoto wangu wawili, sitaki kinifie mikononi.

Muzee wa Walungu
Mama, mbolea acha. Kilichoyaumiza ni panga. Funjo huweka akiba yake katika lile shina nene linalolala topeni, lenye magamba ya kahawia. Ukikata mabua mabichi, mmea unakula akiba ili uoteshe mengine. Umekata mara tatu kwa mwaka mmoja, akiba imekwisha.

Yaache mwaka mzima bila kuyagusa. Baada ya hapo gawanya kibwawa sehemu mbili, mwaka huu unakata huku, mwaka ujao kule. Kata wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, maana mabua yanakauka upesi bila kuota ukungu. Chukua yale ambayo nywele za kichwani zimeanza kugeuka kahawia. Machipukizi yaliyochongoka usiyaguse. Na moto usiwashe kabisa! Tope la bwawa likikauka linawaka chini kwa chini siku nyingi, na mizizi inaiva humo.

Mfereji ndio unaonitia hofu zaidi. Funjo linataka maji yaliyosimama. Mwendee jirani kwa upole, mwombe azibe upande wako kwa magunia ya udongo.

Dada wa Goma
Yaya, pole sana. Huku kwetu ni mawe ya volkano, maji hayakai juu ya ardhi, kwa hiyo langu nimelipanda kwenye pipa lililokatwa nusu. Nililigawa hivi: nilichukua kipande cha shina la topeni chenye machipukizi mawili au matatu na mizizi yake, nikapunguza mabua, nikakizika kwenye tope na kuacha maji juu yake kiasi cha vidole vinne. Kwenye zile nafasi wazi za kibwawa chako fanya vivyo hivyo, hatua moja kati ya kipande na kipande. Yatatambaa yenyewe.

Mshonaji wa Bagira
Naongeza moja. Kwa mkeka wa kulalia, funjo lisikusumbue. Tumia lile jani pana la bwawani lenye makali, ambalo wenzetu wa Rwanda wanaliita urukangaga. Ni ndugu ya funjo, lakini likikauka linakunjika bila kukatika. Mwaka huu unapopumzisha mafunjo, suka hilo. Vaa mikono mirefu tu, linakata ngozi vibaya. Lakini yaliyo ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega hatuyagusi.

Mama wa Mikeka, Bukavu
Mungu awabariki. Jana nilikwenda kwa jirani na mke wake, tukakaa, tukaelewana: mfereji utaishia mita kumi kabla ya mpaka wangu, na magunia tutajaza pamoja Jumamosi. Panga nimelipeleka nyumbani. Swali langu la mwisho: vile vipande nivipande sasa, au ningoje?

Muzee wa Walungu
Ngoja mvua za Septemba, mama.