Feni ya prosesa: mnara mmoja, minara miwili au ya maji? Niko Tanga

PichaZaHarusi
Wakuu habari za jioni. Nataka kubadilisha feni ya prosesa, hii iliyokuja kwenye boksi imenichosha. Ikianza kazi inalia kama mashine ya kusaga, na kompyuta yenyewe inakuwa nzito. Kuna kijana wangu anakwenda Kariakoo Alhamisi, nataka nimtume. Nimeangalia tatu: DeepCool AK400, Thermalright Peerless Assassin 120 SE, na zile za maji (pampu inazungusha maji ya kupoza) zenye feni mbili. Bajeti isizidi laki moja na nusu. Ipi bora? Naomba majibu ya haraka, nina kazi za watu.

Soketi_Kavu
Bora kwa nani, mkuu? Prosesa hujataja, kesi (kasha la kompyuta) hujataja. Umeingia dukani umesema "nipe tairi", hatujui la baiskeli au la Fuso.

BintiNgamiani
😂😂 Fuso. Na nyuzi joto je? "Inakuwa nzito" si kipimo. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la prosesa, iwashe, anza kazi yako, kaa dakika kumi, halafu tuletee namba.

Kaskazi_Kali
Chukua ya maji, usisumbuke. Joto la Tanga mwezi wa pili unalijua mwenyewe.

PichaZaHarusi
Prosesa ni Core i7. Nafanya video za harusi. Namba inagonga 100, inashuka, inapanda tena.

Soketi_Kavu
Core i7 zipo tangu 2008. Ya lini?

PichaZaHarusi
12700. Kesi sijui jina lake, nyeusi, ina kioo ubavuni na taa zinabadilika rangi.

Soketi_Kavu
Sasa tunaongea. 12700 imeandikwa wati 65, na watu wengi wanaishia kusoma hapo. Hizo ni za mwendo wa kawaida. Ikikazwa na kazi kama yako ya kurenda (kuitoa video iliyokamilika) inaruhusiwa kupanda hadi wati 180, na bodi mama nyingine zinaiacha huko huko bila kuirudisha chini. Kile kifeni cha boksi hakiwezi mzigo huo. Kwa hiyo prosesa inafika nyuzi 100, ambao ndio ukomo wake, inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Huo ndio "uzito" unaousikia. Haijaharibika, inajiokoa.

AK400 ina mnara mmoja wa mapezi ya kupozea na mabomba manne ya shaba. Peerless Assassin ina minara miwili, mabomba sita, feni mbili. Kwa saa nzima ya kurenda mimi ningechukua Peerless bila kufikiri mara mbili. LAKINI zote mbili zina urefu wa milimita 155. Pima kesi kwanza: toka uso wa prosesa hadi kwenye kioo. Usipimie kwenye bodi, utajidanganya.

Mwl_Mabomba
Mnaandika "mabomba ya shaba" kama kwamba shaba ndiyo inafanya kazi yote. Ndani ya kila bomba mna maji kidogo sana, na hewa imetolewa, kwa hiyo yanachemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Upande wa prosesa yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi ya juu, unapoa, unarudi kuwa maji, na ule utambi wa ndani unayarudisha chini. Funua sufuria ya wali utazame mfuniko: mvuke umepanda, umekutana na ubaridi, umekuwa matone, matone yanarudi kwenye wali. Basi ndio huo mfuniko, ila feni ndiyo inaupepea.

Kwa hiyo na hii ni "ya maji" pia, Kaskazi. Tofauti ni kwamba haina pampu ya kufa.

Kaskazi_Kali
Mwalimu na sufuria zako 😄. Yangu ya maji ina miaka mitatu, haijanisumbua hata siku moja.

Mwl_Mabomba
Siku pampu ikisimama utajua. Feni ikifa kwenye mnara, unafunga feni nyingine yoyote ya milimita 120, hata kwa zile tai za plastiki za kufungia nyaya. Pampu ikifa unanunua mtambo mzima, na uisubiri mpaka ije toka Dar.

Bisibisi_Butu
Ngoja niwaambie kitu kabla ndugu yetu hajaanza kufungua fungua.

Mwaka juzi nilikuwa na Ryzen 5 3600, na feni yake ya boksi. Nikanunua feni kubwa zaidi kwa mtu, imetumika lakini safi. Ijumaa baada ya swala nikakaa chini sebuleni, nikatandika mkeka, nikafungua zile skrubu nne. Feni haitoki. Pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na feni kupitisha joto, imekauka imekuwa kama gundi. Nikaishika kwa mikono miwili nikavuta juu, moja kwa moja. Paa! Ikatoka. Nikafurahi. Nikaigeuza nitazame chini, naikuta prosesa imening'inia pale pale, imeng'ang'ania kama chapati iliyoungulia kwenye kikaango. Nyenzo ya soketi, kile kiti cha prosesa kwenye bodi, bado imefungwa! Imechomoka hivyo hivyo na pini zake, mstari mzima wa pembeni umelala.

Nikawasha tochi ya simu, mke wangu ananishikia. Nikachukua wembe, naingiza kati ya pini na pini, nanyanyua pole pole. Saa nzima. Jasho linatiririka, na feni ya dari nimeizima nisipeperushe kitu. Nimebakiza kama tatu hivi, moja ikakatika. Nikaisikia, haina hata sauti, lakini niliisikia. Ikaanguka kwenye mkeka, mpaka leo sijaiona.

Nikairudisha prosesa, nikawasha. Ikawaka! Ila RAM (kumbukumbu) inasoma moja tu. Nafasi mbili za upande mmoja zimekufa kabisa. Naitumia hivyo hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo: usitoe feni kompyuta ikiwa baridi. Iwashe, ipe kazi dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa umeme, zungusha feni kidogo kushoto na kulia, ndipo unyanyue.

BintiNgamiani
Pole kaka, "sijaiona mpaka leo" imeniuma. Ila yake ni Intel 12700, pini ziko kwenye soketi ya bodi. Prosesa imebanwa na fremu ya chuma, haichomoki na feni. Hatari yake ni nyingine, akidondosha skrubu kwenye soketi ikiwa wazi. Na kwa kubadilisha feni tu haina haja ya kuifungua.

Bisibisi_Butu
Najua ni Intel. Nimesema asifungue fungue.

MzeeWaSahare
Pesti zenyewe ghali. Sisi tulipaka dawa ya meno, mambo yakaenda.

Soketi_Kavu
Yalienda wiki ngapi, mzee wangu? Dawa ya meno inapoza mwanzoni kwa sababu ina unyevu. Ikikauka unabaki na chokaa. Mtu anarenda harusi ya watu, umpeleke kwenye dawa ya meno?

MzeeWaSahare
Ilikuwa Pentium hiyo, mwanangu. Haikuwa na makelele haya.

Mtu_wa_Lushoto
Mimi natumia feni ya boksi, sijawahi kuvuka 75. Poleni watu wa bondeni 🧥

BintiNgamiani
Baki na sweta lako huko juu.

Ila ametukumbusha jambo. Feni yoyote, hata ya milioni, haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32 unaanzia 32. Ukikishusha hadi 26, prosesa nayo inashuka karibu nyuzi sita zile zile. PichaZaHarusi, unafanyia kazi wapi? Kuna AC? Kompyuta iko juu ya meza au umeisukumia kwenye kabati?

PichaZaHarusi
Ofisi iko Barabara ya 12, chumba kimoja, AC hakuna. Kompyuta iko kwenye ile sehemu ya meza yenye mlango.

BintiNgamiani
MLANGO?!

PichaZaHarusi
Watoto wa wateja wanabonyeza zile taa.

Mwl_Mabomba
Ndugu yangu, umeifungia jikoni halafu unauliza feni gani nzuri. Toa mlango leo usiku, upime tena. Huenda laki moja na nusu ikabaki mfukoni.

Kaskazi_Kali
Aweke AC tu.

Ufukweni
AC ana uhakika haitamletea majimaji ndani? Niko Raskazone, chupa ya soda ukiitoa kwenye friji dakika moja tu inatoka jasho. Bodi ikitoka jasho hivyo si imekwisha?

Soketi_Kavu
Soda inatoka jasho kwa kuwa ni baridi kuliko hewa inayoizunguka. Mapezi ya feni ni ya moto kuliko hewa, muda wote inapowaka. Hayawezi kutoka jasho. Wewe wa Raskazone adui yako ni chumvi.

Ufukweni
Hilo kweli. Skrubu za kesi yangu zimeliwa na kutu ndani ya mwaka. Nyuma ya feni ya mbele nimefunga kipande cha chandarua cha zamani, nakiosha kila Jumamosi. Maji yanayotoka ni ya rangi ya chai.

Noktua_Maisha
Nimechelewa. Noctua NH-D15 na mjadala umekwisha. Dhamana miaka sita, kimya kama maktaba.

Soketi_Kavu
Milimita 165 hiyo, na bajeti yake inanunua feni moja na kikopo cha pesti. Na rangi ile ya uji wa ulezi ndani ya kesi ya kioo!

Noktua_Maisha
Rangi haipozi prosesa.

Mtu_wa_BIOS
Hamjamwambia njia ya bure. Aingie BIOS (mipangilio ya bodi, inafunguliwa kompyuta inapowaka), ashushe ukomo wa nguvu toka 180 hadi kama wati 100. Atachelewa dakika chache kwenye kurenda, kelele zitapungua, shilingi haijatoka. Na kama si ile yenye herufi F mwishoni, ina grafiki ndani ambayo inaweza kusimba (kubana) video yenyewe, prosesa ikapumua. PichaZaHarusi, ni 12700 au 12700F?

PichaZaHarusi
Nimetoa mlango. Imeshuka hadi 94, kelele ziko pale pale. F sijui, boksi nilitupa. Hiyo BIOS naogopa kuigusa nina kazi ya watu mpaka Jumapili. Kijana anaondoka asubuhi, niambieni nimpe jina gani.

Soketi_Kavu
Umepima kesi?

PichaZaHarusi
Nimepima na rula ya mtoto. Sentimita 15 na kidogo.

Soketi_Kavu
Kidogo ngapi? 155 haiingii kwenye 152. Na Peerless feni ya mbele inakaa juu ya RAM. RAM ikiwa ndefu yenye taa, inabidi uipandishe feni, basi hata 155 haitoshi. Kuna Thermalright Assassin X 120 SE, hiyo ni 148, mnara mmoja.

BintiNgamiani
Na rula za watoto haziandiki sifuri mwanzo kabisa, kuna nafasi pembeni. Ulianzia kwenye sifuri au kwenye ncha?

Kaskazi_Kali
Ya maji haina shida ya urefu 😏

Mwl_Mabomba
Rejeta yake utaifunga wapi, kwenye kioo?

PichaZaHarusi
Nadhani kwenye ncha. Nimeshafunga ofisi niko nyumbani. Nitamwambia kijana aende na namba yangu, akifika dukani anipigie.

Soketi_Kavu
Akupigie umwambie nini sasa?