Eti "masikio yako ndiyo yanagonga"! Huyu fundi amenikosea adabu

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi na mikono inatetemeka kwa hasira, msinitulize. Ni yule yule mnayemjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila mwenye pikipiki ya injeksheni ameshapita mikononi mwake akatoka analia.

Pikipiki inagonga. Ukiwasha ikiwa ya baridi inapiga krr-krr-krr upande wa cheni ya taimingi, ile ya ndani inayoendesha valvu, ikipata moto inapungua, halafu ukiwa kwenye mwendo ukiachia mafuta ghafla inarudi. Nimemweleza yote hayo taratibu, kwa heshima zote. Hakuinama. Hakuweka sikio. Hata kuiwasha hakuiwasha! Kafungua swichi tu, kachomeka mashine yake ya kupimia, kakodolea kioo, kakuta hakuna kodi ya hitilafu, kanigeukia mbele ya wateja wote: "Mashine haioni kitu. Masikio yako ndiyo yanagonga."

Masikio. Yangu. Mbele ya watu!

Jamani, mashine ile inasoma sensa. Itakwambia joto la injini, oksijeni, mkao wa throto, waya uliokatika. Cheni iliyolegea ina waya gani? Springi ya tensheni, ile inayokaza cheni, ikichoka haitumi ujumbe kwenye kompyuta, inapiga kelele, na kelele dawa yake ni kusikilizwa. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, mpini sikioni, hamisha pole pole kutoka hedi, kichwa cha injini, kushuka chini. Panapopiga kwa nguvu zaidi ndipo pa kuanzia.

Kama ni tapeti, yaani valvu zimelegea nafasi, subiri injini ipoe kabisa, pandisha pistoni juu, pima nafasi kwa fila geji, vile vibamba vyembamba, kama kitabu kinavyosema. Kama ni klachi, ukibana mkono wake mlio unabadilika. Kama ni konrodi, mkono unaoshika pistoni, utasikia gdu-gdu nzito kutoka chini ukiipa mzigo, na hapo zima, usiendeshe tena. Hakuna hata kimoja alichojaribu! Nikamwomba basi amwage oili aangalie kama ina chembe za chuma. Akacheka. Kuna jamaa pale benchi alicheka mpaka helmeti ikamponyoka. Na mimi nimesimama pale na masikio yangu yanayogonga.

Masikio haya yanasikia mbu akipiga chafya nyumba ya tatu!

*Chuma Chakavu:*
Hahaha mkuu, funga tapeti za masikio kwanza ndipo uje kwenye pikipiki.

*Bisibisi Ndefu:*
Huyo huyo aliniambia nishushe injini nzima, konrodi imekwisha. Nikaenda kwa kijana mwingine, akabana nati mbili za ekzosi pale inapoingia kwenye hedi, kelele kwisha. Gasketi ilikuwa inavujisha moshi, tik-tik-tik, basi. Nilikuwa nimeshaanza kuiaga pikipiki.

*Mwanzisha uzi:*
Umeona? Wewe angalau alikupa ugonjwa wa injini. Mimi kanipa ugonjwa wa masikio!

*Mama Gia Tano:*
Pole kaka. Hebu jibu swali moja: ukipanda mlima na gia kubwa inalia? Kama inalia tiing-tiing ukivuta mafuta, huo mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Angalia oktani ya petroli unayoweka, yaani uwezo wake wa kutolipuka mapema, au kaboni imejaa juu ya pistoni. Zipo pikipiki nyingi zisizo na sensa ya kusikia kugonga huko, kwa hiyo kioo kitabaki kimya pistoni ikiungua.

*Mwanzisha uzi:*
Dada, mlimani haina neno, inalia nikiachia mafuta. Ni tensheni, naapa. Tatizo ni ile kauli. Mbele ya watu wote wale.

*Chuma Chakavu:*
Umeandika kama umefiwa. Nunua tensheni, funga, endelea na maisha.

*Kiti cha Nyuma:*
Bora yenu kelele. Mimi alinijazia oili ya gari, eti oili ni oili. Klachi ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili ya injini! Sasa inateleza, injini inanguruma hadi mbinguni, tairi halina habari.

*Bisibisi Ndefu:*
Oili ya gari tena? Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya kuogelea. Zile za gari nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano.

*Kiti cha Nyuma:*
Kwa hiyo nimwage niweke oili nzito, 20W-50?

*Mama Gia Tano:*
20W-50 ya nini? Soma kitabu chako. Kama kinasema 10W-40 weka hiyo hiyo, nzito inachelewa kufika juu ukiwasha ya baridi.

*Chuma Chakavu:*
Mimi naweka 20W-50 tangu zamani na injini inalia vizuri.

*Mama Gia Tano:*
"Inalia vizuri" ndiyo nini? Injini hailii vizuri, injini inatulia.

*Mwanzisha uzi:*
Jamani, turudi kwenye mada. Mtu mzima nimeambiwa masikio yangu yanagonga!

*Chuma Chakavu:*
Mama, wewe endesha 10W-40 yako, tukutane kwenye joto tuone nani atasimama kwanza.

*Kiti cha Nyuma:*
Na chujio nalo nibadilishe au nioshe na petroli?

*Bisibisi Ndefu:*
KUOSHA? Chujio la karatasi? Nani tena kakwambia hivyo, yule yule?