Mrejesho: besi yangu iliyokuwa inavuma

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini gitaa langu la besi linavuma jukwaani: nikishika nyuzi kelele ni ileile, nikigusa chuma cha jeki (tundu la kuchomekea waya) inatulia. Mliosema ni waya wa ethi (wa kuondoa kelele za umeme) unaokwenda kwenye daraja la nyuzi (chuma zinapofungwa nyuzi) mlipatia. Fundi redio wa Mwanjelwa aliulehemu kwa dakika 10 tu, na mimi nilishaanza kutafuta spika nyingine!

Jumamosi tumepiga harusi Uyole, sebene mpaka saa nane usiku. Vidole vilikufa ganzi (baridi ya Juni huku Mbeya mnaijua) ila mlio ulikuwa safi.

Na ile posho yangu ya kupiga Tunduma, ambayo sijalipwa? Bosi wa bendi bado ananizungusha. Harusi ijayo nachukua changu kabla sijapanda jukwaani.