AC ya Benzi W123, nitie R134a au vipi?

Asalaam alaykum wadau. Nina W123 ya 1982 ya marehemu babu, niko Fuoni, nataka kuifufua AC yake ilokufa zamani. Ilikuwa ya gesi ya zamani R12, fundi mmoja ananambia tia R134a, gesi ilokuja badala yake, tu itafanya kazi, mie roho haijatulia.

Jibu: Usikubali sheikh! R134a haichanganyiki na ile oili ya zamani kwa hiyo kompresa (pampu ya gesi) itakosa oili na itakufa. Fungua mfumo wote, mwaga oili, osha mapaipu, tia oili ya esta (hiyo inachanganyika na R134a), oringi (mipira ya maungio) zote mpya na draya (chujio la unyevu) mpya, halafu vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu) uiache uitazame geji, sindano ikipanda pana pahala panavuja. Gesi usijaze kwa kipimo cha R12, anzia kama asilimia 80.

Jibu: Na kondensa, ile rejeta ya AC ya mbele, je? Hewa yetu ya chumvi inakula vile vibati vyembamba, yangu nikigusa kwa kidole vinamomonyoka. R134a presha yake inapanda zaidi kwenye joto, kondensa ikichoka hupati baridi hasa kwenye foleni za Darajani.

Mwenye swali: Shukran sana, kesho naanza na kondensa. Oili ya esta kwa hapa Unguja naipata wapi?