Mdahalo kuhusu maandamano ya 2024 darasani: Katiba inamlinda mwalimu?

ChakiNyeupe
Walimu wenzangu, kidato cha pili kimefika mada ya Demokrasia na Haki za Binadamu. Mdahalo uliopangwa unahusu Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi uliozua maandamano. Mkuu wa shule amesema kwa mdomo kwamba siasa zibaki nje ya lango. Je, Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya, cha uhuru wa kujieleza, kinamfikia mwalimu wa sekondari, au kinaishia chuo kikuu?

WakiliEastlands
Kinamfikia, mwalimu. Kifungu cha 33(1)(c) kinataja uhuru wa taaluma bila kuwatengea wahadhiri. Mipaka ipo: uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki havilindwi, na Kifungu cha 24 kinaruhusu haki ipunguzwe, lakini kwa sheria, tena kwa kiasi cha haki. Agizo la mdomo si sheria. Mwombe kwa heshima aliandike pamoja na sababu, ukitegemea Kifungu cha 47, kinachompa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Wengi hubishana ofisini wakatoka mikono mitupu, na baadaye hawana cha kuonyesha.

MwlKayole
Kinga ya kwanza ni maazimio ya kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula. Andika mada na shabaha zake kama zilivyo kwenye silabasi, mkuu wa idara atie saini kabla ya wiki kuanza.

Hoja iguse taasisi, isiguse mtu: "Ushirikishwaji wa umma unatosha kudhibiti kodi." Pande zigawanywe kwa kura ya bahati, ili asiwepo mtoto atakayedhaniwa anasema ya nyumbani kwao. Kipindi ni dakika 40: tano za ukweli wa msingi (waandamanaji waliingia Bunge 25 Juni, Rais akakataa kuutia saini mswada kesho yake), wasemaji wanane dakika mbili mbili, 12 za maswali, saba za majumuisho.

Hapo kwenye majumuisho ndipo walimu huteleza. Mwalimu akitangaza upande wake, amejitia mashakani, maana Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inakataza upendeleo wa kisiasa kazini. Kabila la mtu likitajwa kwa kejeli, simamisha papo hapo.

MamaUmoja
Na wanafunzi je? Katiba inasema "kila mtu". Mwaka 2013 mchezo wa kuigiza wa shule ya wasichana ya Butere ulipigwa marufuku kwenye tamasha la maigizo, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo.

ChakiNyeupe
Asanteni. Na mkuu akikataa kwa maandishi?

WakiliEastlands
Usiuendeshe mdahalo kwa siri, huo utaitwa ukaidi. Peleka barua yake na maazimio ya kazi kwa ofisi ya TSC (tume inayoajiri walimu) ya kaunti ndogo, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.