Kozi ya zamani ya stili: vionjo vya kwenye karatasi havilingani na pedali zangu

Steel_Kisauni:

Salaam wakuu. Kuna mtu humu anayepiga stili, lile gitaa la chuma linalopigwa umekaa, lenye pedali? Nililo nalo lina nyuzi 10, limetuniwa kwa mpangilio wa noti uitwao E9, pedali 3 na leva 4 za magoti. Limekuja na kozi ya zamani ya Marekani: kaseti 6 na karatasi zake zenye mistari kumi, namba za freti, na herufi pembeni ya namba. Nataka vile vionjo, vile vipande vifupi vya stili, vya kantri vya miaka ya 60 na 70, vinavyolia pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Nimekwama hivi. Sauti ya kaseti iko juu ya gitaa langu karibu nusu toni. Nikikaza nyuzi niifuate, uzi wa 3 unakatika. Mara mbili sasa. Karatasi ikisema A, nakanyaga pedali ya kwanza kushoto, na kinachotoka sicho kinachosikika kwenye kaseti. Na hata noti zikiwa sahihi, kionjo hakilii, nasikia tu kodi (noti zinazolia pamoja) moja halafu nyingine. Tena kaseti mbili zina ukungu mweupe kwenye utepe. Nianzie wapi?

FundiTudor:

Nyuzi usiziguse tena mpaka kaseti itengenezwe. Gitaa linabaki kwenye 440 (A ya hezi 440, kipimo cha kawaida), kaseti ndiyo inayolifuata. Nusu toni ni karibu asilimia 6 ya mwendo, na mashine ya kaseti iliyokaa miaka hukosea kiasi hicho bila shida.

Mkanda wa mpira uliolegea huifanya ikokote na sauti iyumbe. Ikiwa inakimbia kama yako, tazama mota. Nyuma ya mota nyingi za kaseti kuna kitundu, na ndani yake skrubu ndogo ya mwendo. Cheza pale mwalimu anapotoa noti za kutuni, ingiza bisibisi nyembamba, zungusha nywele kwa nywele huku kipima-noti cha simu kikiwa mbele ya spika. Uzi wa 4 wazi ni E. Ikitulia kwenye E, toa mkono.

Halafu rekodi zote kwenye kompyuta, kwa sababu si ajabu kila kaseti ikawa na kosa lake tangu ilipotolewa nakala. Audacity ni ya bure na inatosha. Iliyo juu nusu toni kamili ipunguze mwendo kwa asilimia 5.6. Chagua kubadili mwendo, usichague kubadili kimo cha sauti peke yake: kosa lilianza kwenye mwendo, na ukirekebisha kimo tu, utabaki na mwalimu anayepiga haraka kuliko alivyopiga. Ukishapata nakala safi, hapo ndipo utapunguza kasi hadi asilimia 60 bila kugusa kimo, uipate mistari ya haraka.

Zenye ukungu usizicheze kwanza. Vumbi lile linahamia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na kutoka hapo kwenye kaseti nzima nzima. Toka nje kivulini, jifunge kitambaa puani, zungusha utepe kwa penseli mwanzo hadi mwisho huku ukiupitisha kwenye kitambaa kikavu kisicho na manyoya. Kila baada ya upande mmoja, safisha hedi na kigurudumu cha mpira. Kaseti ikipiga lakini sauti nyembamba imepotea, chungulia chini ya utepe: kuna kipande cha sufi chenye springi kinachoukandamiza kwenye hedi, na gundi yake huachia. Hamishia utepe kwenye ganda jingine, lile la skrubu tano, sio lililobanwa kwa gundi. Kwa hewa yetu ya bahari, ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

NyuziKumi:

Mimi nichukue herufi na kule kulia kwa kionjo.

Herufi hazihesabiwi kutoka kushoto. Zinataja kazi ya pedali. Mpiga stili Bud Isaacs aliposikika kwenye rekodi na pedali mwaka 1954, pedali yake moja ilipandisha nyuzi kwa pamoja. Baadaye wapiga stili wenzake, Buddy Emmons na Jimmy Day, wakaigawa kazi ile kwa pedali mbili, kila mmoja kwa upande wake. Kwa mpangilio wa Emmons, kutoka kushoto ni A, B, C. Kwa wa Day ni C, B, A. Kozi nyingi zimeandikwa kwa watu wa Emmons, na nadhani gitaa lako ni la Day.

Pima kwa noti, pedali moja moja. Inayopandisha uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C#, hiyo ndiyo A popote ilipo. Inayopandisha wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A, hiyo ni B. Inayopandisha wa 4 kutoka E hadi F# na wa 5 kutoka B hadi C#, hiyo ni C. Bandika utepe wa karatasi kwenye kila pedali uandike herufi. Vyuma vya chini usivibadilishe. Mipangilio yote miwili inapiga vionjo vile vile.

Leva ndizo za kuangalia zaidi. Ile inayopandisha E za uzi wa 4 na wa 8 kuwa F wengi huiita F. Inayozishusha hadi D#, kozi moja itaandika E, nyingine D. Fungua ukurasa wa kwanza wa karatasi zako, patakuwa na jedwali. Kama limepotea, fuata noti. Na kwenye gitaa la Day leva hizi mbili mara nyingi zimebadilishana upande. Ina sababu: A na F hutumika pamoja, kwa hiyo goti lazima liende upande ule ule ambako mguu umeegemea.

Sasa kionjo kulia. Kosa lako, kwa unavyoeleza, ni kupiga nyuzi mara mbili. Kwenye stili kidole hupiga mara moja, mguu ndio unaoimba.

Weka kichuma, kile cha kutelezesha juu ya nyuzi, freti ya 3. Kanyaga A na B pamoja, piga nyuzi za 4, 5 na 6. Hiyo ni C. Usipige tena. Ziache zilie, kisha inua mguu kwa mapigo mawili kamili mpaka itoke G. Sikiliza kinachotokea ndani yake: uzi wa 5 unashuka toni nzima, E hadi D, wa 6 unashuka nusu toni, C hadi B, wa 4 umesimama kwenye G wala hautikisiki. Ule uliosimama ndio unaowafanya wenzake walie. Ukiinua mguu kwa pupa, masikio hayapati muda wa kusikia njia, yanasikia vituo viwili tu.

Ukishaweza hilo, achia B kwanza na A baadaye, kwa kulaza kifundo cha mguu upande mmoja bila kuunyanyua. Katikati utapita kwenye E ndogo (E minor) kabla ya kufika G. Kionjo hicho kimoja kimejaa kwenye rekodi za enzi zile.

Kisha kiunganishe: freti ya 5 na A+B ni D, telezesha hadi freti ya 3 pedali zikiwa bado chini, ni C, achia, ni G. Huo ndio mwisho wa ubeti. Kupanda, fanya freti ya 3 wazi (bila pedali) kwa G, hapo hapo B+C kwa A ndogo, freti ya 5 B+C kwa B ndogo, freti ya 8 wazi kwa C.

Karatasi ikikupa kionjo kimoja, usigeuze ukurasa mpaka umekitafuta kwenye nyumba zote tatu za kodi ile. G iko freti ya 3 wazi, ya 6 kwa A+F, na ya 10 kwa A+B. Ufunguo ukibadilika, umbali unabaki: tatu mbele, halafu nne mbele. Mwimbaji akitaka B bemoli (nusu toni chini ya B), nyumba zako ni 6, 9 na 13.

Mguu wa kulia, wa pedali ya sauti: anzia katikati, piga, sukuma kadiri noti inavyofifia. Ukianzia juu kabisa huna pa kusukuma, na noti inakufa kabla ya kumaliza kushuka.

Steel_Kisauni:

Shukrani sana, wazee wangu. Ni kweli, pedali ya kushoto ni C, na leva ya F iko goti la kushoto kwenda kulia. Kushuka kutoka C hadi G sasa kunasikika. Lakini nikituni kila kitu kwenye sifuri ya simu, G ina ukali fulani, kama inapigana yenyewe. Na uzi wa 3 mbona unakatika, hata nisipoukaza?

BiNyuzi_Bamburi:

Ukali huo ni wa G# zako. Simu inagawa oktava sawasawa, lakini noti ya tatu ya kodi, ikilia ndefu kwenye stili, inataka kuwa chini. Anza hivi, kwa senti (senti 100 ni nusu toni): E 0, B 2 juu, G# 14 chini. Noti za pedali: A 2 chini, C# 16 chini. Leva ya F kati ya 28 na 30 chini. Utashtuka kuiona kwenye kipimo, lakini sikiliza A+F freti ya 6. Ukipiga na kinanda, G# hizo zitasikika chini, basi pandisha zote kwa senti 5: E inakuwa 5 juu, G# 9 chini, na kuendelea. Uhusiano wa ndani haubadiliki.

Noti wazi zinatuniwa kwenye vichwa, za pedali zinatuniwa upande wa pili kwenye zile nati za nailoni, pedali ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Anza na wazi, kisha pedali, kisha rudi ukakague wazi. Ukikanyaga A+B na kuona uzi wa 4 umeshuka senti chache, gitaa si bovu. Mbao imepinda kidogo kwa mzigo. Kukagua bila simu: uzi wa 4 kwa pedali C uwe sawa kabisa na uzi wa 1, na uzi wa 4 ulioshushwa uwe sawa na wa 2.

Uzi wa 3 una unene wa inchi 0.011 na uko G#, pedali B inaupeleka A. Ulipouongezea nusu toni ya kaseti, kila ukikanyaga ulikuwa unaupeleka hadi B bemoli. Lakini tazama ulipokatikia. Kama ni pale juu unapopinda kwenye kidole cha chuma kinachouvuta, kipitishe ukucha: ukikwama, kuna mfereji au kutu ya chumvi. Pitisha msasa wa 1000, halafu 2000, kufuata njia ya uzi wala sio kuikata. Kwenye mihimili ya ndani, tone moja la mafuta ya cherehani, na lililozidi lifute.

Nyuzi za stili zikikosekana mjini, seti mbili za gitaa la kawaida zinasaidia sana. Seti ya 10 hadi 46 inakupa 0.013 ya uzi wa 1, 0.017 ya wa 5, 0.026 ya wa 7 na 0.036 ya wa 10. Seti ya 11 hadi 48 inakupa 0.011 ya wa 3 na 0.014 ya wa 4. Za kuagiza zinabaki 0.015, 0.020, 0.030 na 0.034. Usijaze pengo kwa unene mwingine ukidhani ni sawa. Pedali itahitaji kutuniwa upya, na pengine haitafika noti yake.

Likoni_45:

Samahani kudandia. Kozi yangu ni ya santuri, na mashine imetoka Marekani. Nimeiwekea transfoma ya 240 kwenda 120, lakini kila kitu kiko chini mno. E inatoka kama C#.

FundiTudor:

Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mashine yako ina mota inayofuata hezi za umeme: kwao 60, kwetu 50. Kwa hiyo inazunguka sehemu tano kwa sita za mwendo wake, na sauti inashuka nusu toni tatu na kidogo. Ndiyo hiyo C# yako. Tafuta puli ya hezi 50, ile inayovaa kwenye mhimili wa mota, au rekodi kwenye kompyuta jinsi ilivyo na uongeze mwendo asilimia 20. Na kama ina kasi ya 16 (mizunguko kwa dakika), cheza santuri ya 33 kwa 16: utapata noti zile zile oktava moja chini, kwa nusu ya mwendo.